Ukuta Usio na Tundu: uchambuzi wa kisa cha maji ya mvua kwenye nyumba ya familia mlimani, Mwanza

Wahusika na mahali

Kisa hiki ni cha nyumba moja ya familia kwenye mtaa wa mwinuko pembezoni mwa Jiji la Mwanza, pamoja na majirani wake wawili, wa juu na wa chini. Majina, mtaa na kata vimeondolewa, na mambo madogo yasiyogusa kiini cha kisa yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mwenye nyumba tutamwita Mwalimu, maana ndivyo mtaa unavyomwita hadi leo ingawa amestaafu. Jirani wa juu ni mfanyabiashara wa dagaa. Wa chini ni mzee mwenye vyumba vya kupangisha, anayeishi na mama yake mzazi. Mimi niliitwa kama fundi sanifu, ukuta ulipokuwa umeshaanguka.

Asiyeijua milima ya Mwanza anahitaji kuelewa jambo moja kwanza. Chini ya udongo kuna mwamba wa matale, na mara nyingi hauko mbali: unachimba hatua moja, jembe linagonga jiwe. Udongo wenyewe ni wa kichanga, umetokana na mwamba huohuo uliochakaa. Maji ya mvua hupenya haraka, yakifika kwenye mwamba hayana pa kwenda, hutembea juu yake kimyakimya na kuchomoza mita kadhaa chini, pengine katikati ya sebule ya mtu. Ndiyo maana kwenye mitaa ya mlimani utakuta nyumba ambayo haijawahi kuingiwa na maji mlangoni lakini plasta inabanduka kila masika.

Jinsi mtaa ulivyojengwa

Mwalimu na marehemu mumewe walinunua eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000, likiwa shamba la mihogo. Waliandikishana na muuzaji mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wakajenga kidogokidogo kwa mshahara: vyumba vitatu, sebule, choo cha nje. Baadaye wakaweka karo la majitaka, na mwaka 2009 wakajenga jiko la nje upande wa mashariki, kwenye kibonde kidogo ambacho watoto walikuwa wakichezea.

Kibonde hicho kishikeni, kitarudi.

Jirani wa chini alikuwapo kabla yao. Kiwanja cha juu kilibaki wazi kwa miaka mingi, mawe makubwa na majani. Urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kumilikisha maeneo yaliyokwisha kujengwa, ulipofika mtaani, wapima walichora viwanja kama walivyovikuta, wakaacha njia ya miguu upande wa magharibi, kila mmoja akapata namba ya kiwanja. Mwalimu hakuwahi kumalizia hati. Alilipia hatua za mwanzo tu. Wenzake wawili walifanya vivyo hivyo, na mtaa una wengi wa namna hiyo.

Kisha kiwanja cha juu kikauzwa. Mfanyabiashara alileta wavunja mawe, wakachoma miamba kwa kuni na kuipasua kwa nyundo kwa wiki nyingi. Kifusi kilitumika kusawazisha eneo. Juu yake pakasimama nyumba nzuri ya bati la rangi, ua wote ukawekwa pevingi, na fensi ikazunguka.

Mambo yalivyofuatana

Mvua za vuli za kwanza baada ya nyumba hiyo kukamilika ndizo zilizoanza matatizo. Maji yaliyokuwa yakitawanyika kwenye majani sasa yalikusanyika juu ya pevingi, yakatoka kwa pamoja kwenye kona ya magharibi ya fensi na kupiga ukuta wa chumba cha nyuma cha Mwalimu. Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja cha mita za mraba 600 kikipata mvua ya milimita 40 jioni moja, hizo ni lita 24,000. Zamani sehemu kubwa ilinywewa na udongo au kuzuiliwa na majani. Sasa karibu yote ilikuwa inashuka, na kwa kasi.

Karo la Mwalimu lilijaa siku hiyohiyo. Shimo la kunyonyea lilikuwa limechimbwa hadi kwenye mwamba, kwa hiyo udongo uliolizunguka uliposhiba halikuwa na nafasi ya kupokea chochote.

Mwalimu alipanda kuzungumza na jirani. Alipokelewa vizuri, akapewa soda, akaambiwa, "Mama, mvua ni ya Mungu, mimi nimejenga ndani ya kiwanja changu." Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti aliwaita wote wawili, akasikiliza, akatoa kauli ambayo kila aliyekuwapo aliiona ya haki: kila mtu adhibiti maji ya kwake.

Mtoto mkubwa wa Mwalimu, anayefanya kazi Dar es Salaam, aliipokea kauli hiyo kama ruhusa ya kujenga ukuta. Alituma fedha, fundi akapatikana, na kabla ya masika mpaka wote wa juu ulikuwa umefungwa: bloku za nchi sita, urefu wa mita 14, kimo cha mita mbili, msingi usiofika kwenye mwamba, bila nguzo za katikati. Fundi alishauri waache matundu ya kupitishia maji chini. Kijana akajibu kwa simu kwamba hawezi kulipia ukuta halafu autoboe ili maji ya jirani yapite.

Masika yakaja. Maji yalifika kwenye ukuta, yakasimama, yakapanda. Yaliyozidi yalikimbia kuelekea magharibi, yakaangukia njia ya miguu na kuichimba mpaka bomba la maji la mtaa likawa linaning'inia hewani. Kutoka hapo yaliingia kwa jirani wa chini, yakabomoa upande mmoja wa choo cha wapangaji. Wapangaji wawili walihama mwezi huo. Mzee alipanda kwa Mwalimu akiwa amevaa makoti mawili, la mvua na la hasira, akamwambia jambo ambalo Mwalimu mwenyewe alilikumbuka kwa uchungu: "Dada, mimi na wewe tumekaa miaka yote hii, leo umenigeuzia mto?"

Usiku mmoja katikati ya Aprili ukuta ulilala. Uliangukia upande wa nyumba, ukavunja dirisha la chumba cha nyuma na kujaza tope koridoni. Chumba hicho hakikuwa na mtu kwa sababu unyevu ulikuwa umeshamtoa mjukuu aliyekuwa akilala humo.

Mpaka uliotafutwa bure

Miezi miwili iliyofuata iliteketea kwenye swali lisilo lake. Kijana alishuka kutoka Dar na shutuma mpya: jirani wa juu ameingia kwenye kiwanja chetu, ndiyo maana maji yanatupiga. Alilipa mpima aje kurudisha bikoni, yaani alama za mpaka. Mpima akaja na mitambo yake, akafukua, akapima, akatoa jibu lisilompendeza mtu. Fensi ya juu ilikuwa ndani ya kiwanja cha juu, ukuta ulioanguka ulikuwa ndani ya kiwanja cha Mwalimu, na tofauti zilikuwa za sentimita chache. Kila mmoja alikuwa mahali pake.

Wakati huohuo shauri lilifikishwa Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kijana alikuwa anahesabu siku. Alishapata wakili.

Aliyegeuza mambo ni mama mzazi wa jirani wa chini, bibi ambaye hakuna aliyekuwa amefikiria kumuuliza. Siku nilipokwenda kukagua nyufa alikuwa ameketi kibarazani akichambua mchicha, akitusikiliza tukibishana kuhusu bikoni. Akasema kwa Kisukuma, mwanawe akatufasiria, kwamba enzi za shamba pale mashariki palikuwa hapalimwi. Mwenye shamba aliacha kipande chenye majani toka juu kwenye mawe mpaka barabarani, kwa kuwa ndipo mlima ulipokuwa ukishushia maji yake.

Tulitembea. Ukishajua unachotafuta, hukikosi. Korongo lilianza kati ya miamba miwili juu ya kiwanja cha mfanyabiashara, likaingia kwenye kona yake ya mashariki, ambako sasa kulikuwa na kifusi kilichosawazishwa na pevingi juu yake. Likashuka kwa Mwalimu na kupita palepale penye jiko la nje. Likamalizikia pembeni mwa vyumba vya mzee, ambavyo vilikuwa vimelibana bila kuliziba. Wapima wa urasimishaji walipita wakati wa kiangazi. Walichokiona kilikuwa kibonde chenye majani, nacho kikagawanywa kwa wenye viwanja kama ardhi nyingine yoyote. Kwenye ramani njia ya maji haipo.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Mwalimu, na kwa maoni yangu ndio uliookoa kila kitu. Alimwambia mwanawe aache habari za wakili. Sababu alizotoa zilikuwa mbili. Vuli ilikuwa inakaribia na hakuna baraza lolote litakaloharakisha kuliko mvua. Ya pili ilikuwa nzito zaidi kuisema mbele ya watu: jiko lake lenyewe lilikuwa limekaa juu ya korongo tangu 2009. Jirani wa juu aliziba kichwa, lakini tumbo alikuwa ameliziba yeye. Kijana alishikilia kwamba aliyemwaga maji ndiye alipe. Mwalimu akamjibu kwamba kama ni hivyo, kwanza wamlipe mzee wa chini choo chake.

Kikao cha usuluhishi kilichofuata hakikuchukua nusu siku, kwa sababu swali lilikuwa limebadilika. Badala ya kuuliza nani ameingia kwa nani, wajumbe waliuliza maji yapite wapi. Mapendekezo mawili yalikataliwa, na yanafaa kutajwa kwa kuwa hurudi kila mahali.

La kwanza lilikuwa kila nyumba ichimbe shimo lake la kunyonyea maji ya mvua. Mahali penye udongo mrefu ni wazo zuri. Juu ya mwamba ulio karibu ni kuchimba bwawa dogo litakalovujia kwa jirani.

La pili lilitoka kwa mjumbe mmoja aliyefahamu kwamba MWAUWASA, mamlaka ya maji na usafi wa mazingira ya Mwanza, imejenga mifumo rahisi ya majitaka kwenye baadhi ya mitaa ya milimani, kama Igogo na Mabatini. Alitaka siku mtaa wao ukifikiwa, maji ya mvua yaingizwe humo. Mabomba ya mifumo hiyo ni membamba, yamekusudiwa maji ya chooni, jikoni na bafuni. Ukiyapelekea mvua ya mlima mzima, chemba zitafumuka na kinyesi kitatembea barabarani. Niliona ni lazima kulikatisha wazo hilo palepale, maana lilikuwa limeanza kupigiwa makofi.

Kilichokubaliwa ni mtaro mmoja wa mawe unaopita viwanja vyote vitatu. Juu, unakinga maji kwenye mpaka kati ya mfanyabiashara na Mwalimu, unayapeleka mashariki hadi kwenye korongo la zamani, kisha unashuka nalo hadi mtaro wa barabara. Upana sentimita 60, kina vivyo hivyo, na sakafu yake imejengwa kwa ngazi ili maji yasishuke kwa mbio. Sehemu ya juu ilichimbwa mpaka kwenye mwamba, jambo lililogombewa sana kwa sababu ya gharama. Nililisisitiza kwa kuwa mtaro unaoelea kwenye udongo hukamata maji unayoyaona tu. Yale yanayotembea juu ya mwamba hupita chini yake na kuendelea na safari ya kuelekea sebuleni.

Mgawanyo haukuwa sawa kwa sawa. Mfanyabiashara alitoa mawe yote, aliyokuwa nayo ya kutosha, alilipa sehemu ya mpakani, akafunga gata na simtanki mbili ili sehemu ya maji ya bati isifike chini kabisa. Mwalimu alivunja jiko lake. Mzee alitoa kipande cha sentimita 80 pembeni mwa vyumba vyake, na kwa kuwa yeye hakuwa na kosa lolote, wenzake wawili walimjengea choo upya. Kila mmoja alilipia saruji na fundi kwenye kiwanja chake. Makubaliano yaliandikwa, yakasainiwa mbele ya Baraza, yakataja hata nani asafishe kipi na kabla ya mwezi gani.

Ukuta ulirudishwa, safari hii wa mawe, mfupi wa mita moja na robo, wenye mabomba ya kupitishia maji kila baada ya mita moja na nusu. Kijana ndiye aliyeulipia. Hakusema kitu.

Matokeo

Vuli iliyofuata nyumba ya Mwalimu haikuingia maji. Chumba cha nyuma kilikauka kufikia kiangazi, na nyufa, ambazo tuliwekea vipande vya kioo kwa plasta ili kuona kama zinatembea, hazikupasua kioo hata kimoja. Karo bado linajaa haraka kuliko inavyotakiwa, na litaendelea hivyo mpaka majitaka yapate bomba. Mwamba ni uleule.

Njia ya miguu ilitengenezwa na mtaa kwa msaragambo, bomba likafukiwa.

Mtaro wenyewe uliziba katikati ya masika yake ya kwanza. Haukuzibwa na udongo. Ulizibwa na mifuko, nepi na matawi yaliyotupwa na nyumba za juu zaidi, ambazo hazikuwa kwenye makubaliano na ambazo ziliona, kwa mara ya kwanza, mtaro mzuri unaobeba kila kitu. Mwalimu aliweka nondo za kuchujia kwenye mdomo wa juu. Sasa taka hukwama kwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara amekuwa mkali kwa majirani zake wa juu kuliko Mwalimu alivyowahi kuwa kwake.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Nianze na kauli ya mwenyekiti, kwa sababu ndiyo iliyoleta hasara kubwa kuliko uamuzi mwingine wowote, na ilitolewa kwa nia njema. "Kila mtu adhibiti maji ya kwake" inafaa kwenye viwanja vya tambarare. Kwenye mteremko haina maana, kwani hakuna maji ya mtu. Yanayopita kwa Mwalimu yalinyesha kwa mwenzake, na ya mwenzake yalinyesha kwenye miamba isiyo na mwenyewe. Anayetakiwa kuyadhibiti peke yake ana chaguo moja tu, kuyazuia, na kuyazuia ni kumwelekezea mwingine. Kijana aliyejenga ukuta alitii kauli hiyo neno kwa neno.

Kuhusu ukuta, wengi mtaani walimlaumu fundi kwa kuweka saruji kidogo. Sikuona dalili hiyo. Maji yakisimama nyuma ya ukuta kwa kimo cha mita moja yanasukuma kwa karibu nusu tani kwenye kila mita ya urefu. Kwa mita 14 ni kama tani saba, na hapo udongo uliolowa haujahesabiwa. Ukuta wa bloku za nchi sita usio na nguzo hauna cha kujibu. Fundi alikuwa ameshaona tatizo na alitaja tiba yake iliyo rahisi kuliko zote, lakini aliyekuwa na fedha hakuwa eneo la kazi. Ujenzi wa kuamuliwa kwa simu kutoka Dar ni jambo la kawaida Mwanza. Watoto ndio wanaotuma. Ukipokea kazi ya namna hiyo, piga picha ya video wakati mvua inanyesha, uitume kabla ya kujadili bei. Kijana huyo hakuwahi kuyaona maji yenyewe mpaka ukuta ulipoanguka.

Mpima hakuwa hasara tupu. Jibu lake halikutatua chochote, lakini liliua shutuma ya mpaka, na bila hilo mfanyabiashara asingekuja kikaoni akiwa ametulia. Tatizo ni kwamba alitangulia. Angetangulia bibi wa kibarazani, pengine mpima asingehitajika. Kwenye mitaa iliyotokana na mashamba, mtu aliyelima hapo anajua njia za maji kuliko mchoro wowote, na wengi wao ni wazee ambao hawaitwi kwenye vikao kwa kuwa kiwanja kimeandikwa jina la mtoto.

Kilichofanya usuluhishi ushike, naona, ni kwamba kila mmoja alipoteza kitu kinachoonekana kwa macho. Mwalimu alipoteza jiko, mfanyabiashara mawe aliyopanga kuyauza, mzee kipande cha ardhi. Jiko hasa lilikuwa na uzito: lilikuwa la marehemu mumewe, alilijenga kwa mikono yake. Mwalimu alipolivunja kabla mtaro haujaanza kuchimbwa, mfanyabiashara hakuweza tena kurudi nyuma.

Sehemu isiyokamilika ni mbili. Mtaro wa barabara unaopokea maji yote haya haujajengwa kwa mawe, na nyumba mbili zilizo ng'ambo ya barabara zimeshaanza kulalamika kwa mwenyekiti. Wana haki. Safari hii mwenyekiti amewapeleka watu wake kutembea mtaro mzima kutoka juu kabla ya kusema lolote.

Ya pili ni karatasi. Makubaliano ya Baraza la Kata yamewafunga watu watatu walio hai, wanaoishi hapo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua haki ya mtu kutumia sehemu ya ardhi ya jirani kwa jambo maalumu, na haki hiyo inaweza kusajiliwa ili imfuate hata mnunuzi. Hilo linahitaji viwanja vyenye hati, na hapa hakuna kilichofikia hatua hiyo. Mfanyabiashara amepata mnunuzi. Mwalimu ameshalipa ada zilizobaki za hati yake, mzee ameanza kulipa, na kinachojadiliwa sasa ni kama mkataba wa mauzo wa nyumba ya juu utabeba kipengele cha mtaro kabla fedha hazijabadilishana mikono.